Bafu la Kigamboni: nyeusi ipi, nyeupe ipi

Jumamosi: vipimo

Bafu ni dogo. Kutoka plasta hadi plasta lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 2.14. Humo ndani kuna sinki la choo, beseni la kunawia lililojibana nyuma ya mlango, shawa, na tundu la kutolea maji karibu na ukuta wa mwisho. Sakafu ni ya niru, ile ile iliyopigwa nyumba ilipojengwa, na chini ya shawa imeshalika mpaka kokoto zinachungulia.

Rangi imeshaamuliwa. Mke wangu anataka nyeusi na nyeupe zipangwe kidrafti, na mjadala huo umefungwa. Nami sina ubishi, maana tailizi za kahawia zenye maua nimeziona nyumba za watu mpaka nimezichoka. Kilichobaki kwangu ni kuchagua nyeusi ipi, nyeupe ipi, ukubwa gani, na kuhakikisha mama mkwe hatelezi. Mama tunaishi naye, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anaingia bafuni kutawadha na taa mara nyingi hawashi. Sharti hilo la mwisho ni zito kuliko mengine yote.

Sasa hesabu. Ukuta nao unavaa tailizi, na tailizi pamoja na gundi yake hula kama sentimita 2 kila upande. Kwa hiyo sakafu inayobaki ni mita 1.48 kwa 2.10. Nimejaribu saizi tatu kwenye karatasi.

Ya 60 kwa 60 inaingia mbili na nusu kwa tatu na nusu. Hapo drafti hakuna, ni mabaka tu. Tena sakafu ya bafu ina mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, na kipande kikubwa hakipindi kuufuata mteremko, lazima kikatwe mshazari, na kila mkato unaharibu mraba. Ya 20 kwa 20 inapendeza macho, ila mistari ya grauti, ule uji wa kuzibia nafasi kati ya tailizi, inakuwa mingi na najua nani ataambiwa aisugue. Ya 30 kwa 30 ndiyo imekaa: vipande 5 kwa upana na 7 kwa urefu, nafasi ya milimita 3 kati yake. Ukianzia katikati ya chumba, safu za pembeni zinakatwa kidogo sana, sentimita 28.4 zinabaki kwenye upana na 29.1 kwenye urefu. Asiye na futi mkononi hatojua kwamba zimekatwa.

Jumla vipande 35. Ubao wa drafti wa kijiweni una miraba 8 kwa 8, kwa hiyo kona zake hupishana rangi. Bafu langu ni 5 kwa 7, namba witiri zote mbili, na hapo kona zote nne zinaangukia rangi moja. Rangi hiyo inapata vipande 18, mwenzake 17. Nimezipa kona nyeupe. Kona nyeusi kwenye chumba cha ukubwa huu zinavuta kuta ndani.

Wazo la kuzilaza kwa mshazari, kona ikitazama mlango, nimelichora na kulifuta. Kingo zote zinakuwa pembetatu, upotevu unapanda, na kwa upana wa mita 1.48 unapata miraba mitatu na ushee tu. Mtindo huo unataka ukumbi.

Jumatatu: maji kwanza

Kabla ya kwenda dukani nimekaa na jambo ambalo katalogi haligusi. Sisi tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi. Cha kwetu kimo. Sabuni haitoi povu la maana, birika lina ukoko mweupe ndani, na bomba la shawa limeota magamba kwenye matundu yake.

Kila mtu niliyemwambia habari ya drafti ameniasa jambo lile lile: nyeupe inachafuka. Kwa maji ya chumvi mambo yanageuka. Nyeupe itaonyesha nywele na tope la ndala, vitu ambavyo ndoo moja ya maji inaviondoa. Nyeusi itaonyesha chumvi, povu la sabuni lililokauka na poda ya mtoto, na hiyo chumvi huwezi kuiondoa kwa maji kwa sababu maji hayo hayo ndiyo yaliyoileta. Ukisuuza sakafu na kuiacha ikauke yenyewe, umeongeza nyingine.

Siki inayeyusha ukoko huo, na tailizi ya kauri haiumii. Lakini siki inakula grauti ya simenti polepole, na ile asidi ya kusafishia choo inaila haraka. Marumaru halisi ya jiwe ndiyo kabisa, tone la siki au la limau linaacha kovu lisilong'aa. Kwa hiyo jiwe limetoka kwenye orodha kabla sijauliza bei, na dawa kali haziwezi kuwa mpango wa kila wiki.

Basi swali la mradi huu ni moja: nyeusi gani inaweza kuishi na kisima chetu? Nyeupe itajipanga nyuma yake.

Jumamosi: Kariakoo

Nimeshinda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo, upande wa Gerezani. Jua kali, na kila mlango kuna kijana anayekuita.

Duka moja jamaa akanishushia nyeusi inayong'aa mpaka unajiona. "Bosi wangu, hii porseleni kabisa, haina mpinzani." Nikaigeuza. Mgongo wake ulikuwa mwekundu wa matofali. Nikadondosha maji kidogo kutoka kwenye chupa yangu juu ya ule mgongo, tone likatanuka, likafifia, likabaki doa la unyevu bila maji juu. "Kaka, hii inakunywa." Akacheka, akanipigia bega: "Basi mtaalamu, chukua kwa bei ya kauri."

Kipimo hicho cha tone si cha maabara ila kina maana yake. Kwa viwango vya kimataifa vya ISO 13006, porseleni ni ile inayofyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kauri za ukutani hufyonza zaidi ya asilimia 10, na za sakafuni ziko katikati. Kauri nzuri ya sakafuni haina dhambi bafuni, uso wake una glezi, ile ngozi ya kioo, na maji hayapiti. Tatizo ni pale chupa ya mafuta ya nazi inapodondoka: glezi nyeusi ikibanduka, ule wekundu unatokeza na hutaacha kuuona. Porseleni ambayo mwili wake nao ni wa kijivu cheusi inaficha jeraha.

Suala la kuteleza. Baadhi ya maboksi yana alama ya R na namba. Kipimo hicho, kilichoanzia Ujerumani, kinakwenda kutoka R9 hadi R13, R9 ikiwa na mshiko mdogo kuliko zote, na hupimwa mtu akiwa na viatu juu ya ubao ulioinamishwa na kumwagiwa mafuta. Kwa miguu mitupu kuna kipimo kingine cha herufi A, B na C, hupimwa kwa maji yenye sabuni, na sehemu ya kuogea inatakiwa angalau B. Herufi hizo sikuzikuta kwenye boksi hata moja. Nimeridhika na R10, halafu nikafanya kipimo cha kienyeji: maji, sabuni kidogo ya unga kutoka kwa muuza duka, nikavua kiatu na kusukuma kisigino. Zinazong'aa zote zimeanguka hapo hapo, nyeupe kwa nyeusi. Mwenye duka alinitazama kwa huruma.

Kumbe kazi ngumu ni kupata mbili zinazofanana. Katika maduka niliyoingia, nyeupe nyingi ni za viwanda vyetu vya Mkoa wa Pwani, vya Mkuranga na Chalinze, na bei yake ni nzuri. Nyeusi tupu isiyong'aa nyingi zilikuwa za China na India. Ukichukua nyeupe ya huku na nyeusi ya kule, zote zimeandikwa 30 kwa 30, lakini weka rula: moja ni sentimita 30 kamili, nyingine 29.8. Moja ina unene wa milimita 8, nyingine 9 na nusu. Sakafu ya rangi moja fundi angeificha tofauti hiyo kwenye mistari. Kwenye drafti kila kipande kinapakana na cha rangi nyingine pande zote nne, kwa hiyo kila mahali kona nne zinapokutana msalaba unakwenda upande, na unene ukitofautiana unajikwaa kidole gumba. Nyeusi na nyeupe lazima zitoke kiwanda kimoja, toleo moja. Sharti hilo limefuta zaidi ya nusu ya nilizoziona.

Nimerudi na sampuli tatu nyeusi na mbili nyeupe. Kuuziwa kipande kimoja kimoja kulihitaji maneno mengi kuliko kununua boksi.

Wiki hii: jaribio la uani

Sampuli zimelala kwenye kivuli cha uani, pale tunapofulia, zimeinama kidogo. Kila anayemaliza kufua au kuosha vyombo anazimwagia maji ya kisima na povu lililobaki. Hakuna kusuuza, hakuna kufuta.

Nyeusi inayong'aa (niliichukua iwe shahidi wa kulinganisha, si mchumba) imekuwa na pete nyeupe siku ya kwanza. Ukiinama karibu unaona tone lilipokaa: ukingo wa chumvi mwembamba, mkali, na katikati pana ukungu. Tone juu ya tone, pete juu ya pete. Wayo wa mtoto umebaki umechorwa na vidole vyake vyote.

Nyeusi ya pili, ile isiyong'aa kabisa, nyeusi kama ilivyotajwa, ndiyo iliyonishangaza. Pete haina, imepauka yote. Uso wake una vinyweleo vidogo na chumvi imejikalisha humo, ukipitisha kitambaa inabaki. Inataka brashi. Ina mshiko mzuri kuliko zote, lakini baada ya wiki ingekuwa ya kijivu chenye madoa, na bafu lingeonekana halijaoshwa hata likiwa limeoshwa asubuhi hiyo.

Ya tatu si nyeusi tupu. Ni rangi ya mkaa, ina punje ndogo ndogo za kijivu hafifu ndani yake, na uso wake una ulaini wa kadiri, haung'ai na haukwaruzi. Chumvi ipo, nimeipata kwa kucha. Ila jicho linaichanganya na zile punje. Kitambaa chenye unyevu kimeitoa.

Mke wangu akaja, mikono kiunoni. "Hiyo si nyeusi baba, hiyo ni kijivu."

Sikubishana. Nikaweka nyeupe kushoto kwake, nyeupe kulia, nyeupe juu na chini kwa kutumia karatasi za daftari, ikabaki imezungukwa. Akaangalia muda. Rangi ya mkaa ikikaa peke yake ni kijivu, ikikaa katikati ya nyeupe ni nyeusi. "Sawa, lakini nyeupe isiwe ya maziwa." Hilo nalo lina msingi, kwa sababu nyeupe yenye umanjano pembeni ya mkaa inaonekana imezeeka, wakati nyeupe baridi inapandisha weusi wa mwenzake.

Mama mkwe alikuwa na neno la mwisho. Nilizimwagia maji ya sabuni, akazipanda moja moja bila ndala, nikiwa nimemshika mkono. Kwenye ya mkaa akasimama. "Hii mwanangu inakamata. Ile nyingine niondolee hapa kabla sijavunjika kiuno."

Alhamisi: kununua

Mkaa na nyeupe baridi, zote porseleni isiyong'aa, kiwanda kimoja, 30 kwa 30, unene milimita 9. Shilingi 38,000 kwa boksi baada ya kuvutana. Nimefungua boksi moja la kila rangi nikazipanga vipande vinne vinne kwenye sakafu ya duka, kona kwa kona, nikapitisha kidole juu ya maungio. Nimelinganisha pia namba ya toleo iliyogongwa ubavuni mwa maboksi. Nyeupe za matoleo mawili zinaweza kupishana rangi hata kama jina ni moja.

Boksi lina vipande 17. Kwa hiyo nyeusi ninazohitaji ni boksi moja kamili, bila hata kimoja cha akiba, na tundu la maji peke yake linaweza kumharibia fundi viwili. Nyeupe 18 ndiyo kabisa, imezidi boksi kwa kipande kimoja. Duka halivunji boksi. Nimechukua mawili mawili. Zitakazobaki zitakaa stoo chache kwa ajili ya matengenezo ya baadaye, nyingine zitakwenda kwenye ngazi ya mlango wa uani.

Kirikuu kimetuvusha kwa Daraja la Nyerere, tozo juu yangu. Nimesisitiza maboksi yasimame wima, yasilazwe na kupandishiwa mifuko ya simenti juu.

Jumatatu: fundi

Fundi amedonoa niru yote ili sakafu mpya ishike, kisha akaanza mteremko. Kwa mchanga sikuwa na la kumfundisha. Jirani ana lundo jeupe zuri la karibu na ufukwe, saidia fundi akaenda na toroli, fundi akamrudisha: "Dogo, huo una chumvi, utatutokea juu ya kazi." Umetafutwa wa mtoni. Mteremko ni sentimita 1 na nusu kwa kila mita, kutoka mlangoni hadi kwenye tundu.

Tulipofika kwenye gundi ndipo pakawa na mazungumzo. Alikuwa ameshajaza ndoo maji aloweke tailizi, na simenti ya kukoroga uji. "Bosi, mimi nimeseti nyumba ngapi Mbezi kwa simenti tupu, nenda kaangalie kama imeng'oka moja." Ni kweli, na ni kweli kwa kauri: kauri inafyonza, uji wa simenti unaingia mgongoni mwake na kushika. Porseleni haifyonzi, uji unakauka pembeni yake bila kuingia. Nikamwomba afanye lile lile la tone la maji, mgongo kwa mgongo, kauri ya zamani na porseleni mpya. Akaangalia, akatikisa kichwa, akamwaga ndoo. "Haya, lete hiyo gundi yako fundi."

Nimemwomba pia gundi isambazwe mgongo mzima kwa mwiko wa meno. Madonge manne na moja la katikati yanaacha utupu chini, na kona yenye utupu ndiyo inayopasuka ukidondosha ndoo.

Kwanza amepanga zote 35 kavu, bila gundi, kamba mbili zikikatana katikati ya chumba. Hapo tumeona kwamba tundu la maji linaangukia karibu na kona ya mraba mweupe na mweusi. Tumelisogeza sentimita chache kabla zege jipya halijakaza, sasa kitovu chake kiko pale kona nne zinapokutana, na kila kipande kimekatwa robo sawa na mwenzake. Ni kazi ya saa nzima kwa jambo ambalo wageni hawatalitaja, lakini mimi kila nikiingia ndipo macho yanapokwenda.

Zilipolala amezigonga moja moja kwa sarafu. Mbili zimelia tupu. Amezibandua gundi ikiwa bado mbichi, akaongeza, akazirudisha.

Jumatano: grauti

Muuzaji alitaka kunipa nyeupe, fundi alitaka nyeusi. Nyeupe sakafuni inakuwa ya kahawia njia ya kupita. Nyeusi kwa maji haya inapauka kwa vipande, huku nyeusi huku kijivu. Nimechukua kijivu cha kati, kile ambacho grauti nyeusi ingeishia kuwa. Kabla ya kupaka, fundi alijaribu juu ya kipande cha nyeupe kilichobaki, kuona kama inaacha doa kwenye uso usiong'aa. Inatoka ikifutwa mapema kwa sponji, ikikauka ni shughuli. Kwa hiyo amepaka mita kidogo kidogo, dogo akimfuata nyuma na sponji mbili.

Pale sakafu inapokutana na ukuta hakuna grauti, ni silikoni, maana hapo ndipo panapocheza na kupasuka. Sinki la choo limerudishwa siku iliyofuata. Tumemwaga ndoo mbili karibu na mlango, maji yote yamekwenda tunduni, isipokuwa yaliyobaki nyuma ya sinki, kiasi cha kukausha kwa kitambaa.

Jumapili: wiki mbili za matumizi

Nimetundika mpira wa kukaushia maji nyuma ya mlango, na sheria ni kwamba anayeoga anavuta maji kabla hajatoka. Inafuatwa na mama mkwe peke yake. Hata hivyo mkaa unavumilia: ukiwasha taa unaona vumbi la chumvi kuzunguka tundu, kwingine hapana. Bomba la shawa na koki zinazong'aa ndizo zinazotia aibu sasa.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, amekuja kutoka Sinza kuangalia na anataka yake. Yeye anatumia maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayotoka mto Ruvu, si ya kisima, na rangi ya mkaa hakuipenda. "Shem, mimi nataka nyeusi nyeusi." Kwa maji yake huenda ikawezekana, isiwe tu ile ya kuteleza. Nimempa ile ya pili, isiyong'aa, niliyokuwa nimeiegemeza ukutani pale uani. Nimeisugua kwanza kwa brashi, nikamwambia aimwagie maji ya kuogea kwa wiki moja kabla hajaenda Kariakoo.